Baba Mkwe Upande wa Pili wa Bafu

Nilijua ukuta umeoza siku kidole changu kilipozama ndani yake kama kwenye ugali wa moto. Mafundi waliotujengea hapa Mbulu waliweka bodi za jipsamu bafuni, halafu wakabandika vigae juu. Jipsamu na maji, jamani!

Na baba mkwe alikuwa anakuja kutoka Hanang. Alikuwa hajawahi kulala kwetu. Kila mara anafika, anakunywa chai, anaaga. Safari hii nilitaka aoge maji ya moto, alale. Nilitaka mno.

Mume wangu alienda kununua bodi za simenti, akaniambia nisiguse kitu mpaka arudi. Mimi na kusubiri wapi na wapi! Nikashika nyundo. Vigae vikaporomoka, bodi ikamomonyoka, nikanogewa, nikaanza kuimba kwa sauti. Pigo moja zaidi, nyundo ikatokea sebuleni.

Nikachungulia kwenye tundu. Kumbe baba mkwe ameshafika nikiwa naimba! Amekaa kwenye kochi, fimbo magotini, ananitazama.

Mungu wangu! Kwa mila ya kwao, mke wa mtoto haketi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Tangu niolewe namsalimia nikiwa nyuma ya mlango. Leo uso kwa uso, nami mweupe kwa vumbi mpaka kope.

"Shikamoo baba," nikasema tunduni, na kicheko kikanitoka puani.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Marahaba. Kumbe ni wewe unayeimba hivyo?"

Mume wangu aliporudi alitukuta tunapiga soga, akabaki mdomo wazi.

"Unashangaa nini?" mzee akamuuliza. "Kwani tumekaa pamoja? Yeye yuko bafuni, mimi niko sebuleni."

Tukatoa bodi yote iliyolowa, tukaacha mbao za fremu ya ukuta zikauke. Nikamwambia mzee kwa aibu kwamba leo hakuna bafu.

"Kwani nilikuja kuoga?" akasema. Akalala kwetu! Nilirukaruka jikoni peke yangu kama mwendawazimu.

Kesho yake tukafunga bodi mpya. Yeye anashikilia upande wa sebuleni, mimi nakaza skrubu upande wa bafu. Ilipobaki bodi ya mwisho, ile ya kuziba tundu letu, akaizuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Hatujamaliza mazungumzo."

Nikaweka skrubu chini, nikakaa.