Mkerezaji na Neno "Return"

Harufu ya mbao mbichi kwenye karakana ya samani hapa Doha hunikumbusha barazani kwetu, baba akikereza miguu ya meza, akiizungusha mashineni na kuichonga. Siku moja nikiwa mtoto, mama alikuwa ameondoka jana yake kwenda kufanya kazi Uarabuni, na tiketi yake iliandikwa "return". Mwalimu wangu alipokuja kuchukua meza aliyoagiza kwa baba, nikamwuliza polepole maana ya neno lile.

"Kurudi," akasema. "Asili yake ya kale ni kukereza, kama afanyavyo baba yako. Kitu huzungushwa hadi kifike kilipoanzia."

"Kwa hiyo mama atarudi?"

"Tiketi imesema."

Baba akapuliza vumbi la mbao. "Tiketi haimjui mke wangu, mwalimu. Mimi namjua. Atarudi, tena atasema mguu huu umepinda."

Nilikuwa sijala tangu mama aondoke. Mchana ule nikaomba niongezwe wali.