Marisau ya Kwale

Asubuhi moja bado naikumbuka, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipopigana na watu wetu walioingia msituni kudai ardhi, huku juu Kibirichia, nami nilikuwa kijana aliyeoa karibuni. Nilifanya kazi na baba mdogo, M'Rinkanya, mwindaji wa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano. Tuliwapiga kwale waliofukua mbegu, na walionona tukawapeleka jikoni kwake.

Shambani kulikuwa na bunduki mbili za marisau, zile zinazotawanya chembe ndogo za risasi: moja nzito ya mtutu mpana, namba kumi na mbili, na nyingine nyepesi ya mtutu mwembamba, namba ishirini. Baba mdogo aliipenda ile nyepesi. Kwale huruka ghafla miguuni pako, na bunduki nzito ikifika begani ndege ameshakwenda. Risasi zake zilikuwa za marisau madogo, namba sita. Wakati mmoja nilimwomba tutumie za chembe kubwa, ili ndege asituponyoke. Hakunifokea.

"Chembe kubwa huwa chache," alisema. "Zitampita kwale kushoto na kulia, na ikimpata moja, hutabaki na nyama ya kula. Jua kwanza unataka kupiga nini, halafu ndipo ushike risasi."

Basi asubuhi hiyo tulikuwa ukingoni mwa ngano ilipokuja landrova ya ofisa mmoja kijana, pamoja na mahomgadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali. Walikuwa wameshapitia nyumbani kwa mzungu. Ofisa alimpa baba mdogo ile bunduki nzito na risasi za chembe kubwa, kiganja tele.

"Leo tunaingia msituni," alisema. "Wewe unajua kufuata nyayo."

Sote tulijua walioko msituni ni akina nani. Baadhi yao walikuwa wa rika la baba mdogo, walitahiriwa pamoja naye. Akaziangalia zile risasi, kisha akaziweka juu ya boneti ya gari, moja moja, na bunduki akailaza kando yake.

"Bwana, mimi napiga kwale."

"Ukikataa utafungwa."

"Nimesikia, bwana."

Ofisa akanigeukia. Nikamwaza mke wangu aliyekuwa mjamzito. "Mimi pia ni wa kwale tu, bwana," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Walitupandisha garini. Nilipotoka kizuizini nilimkuta mwanangu wa kwanza anakimbia uani, akanikimbia mimi kwa kuwa hakunijua. Baba mdogo alichelewa zaidi, na alirudi na kifua kibovu ambacho hakikupona. Waliomchukua hadi kaburini ni watu wa rika lake, wakiwemo waliokuwa msituni.

Nakuambia haya kwa sababu juma lijalo unakwenda kuanza kazi ya askari. Silaha utapewa na mkubwa wako, na yeye ndiye atakayekuonyesha pa kuielekeza. Usingoje mpaka siku hiyo ndipo uanze kufikiri, maana hutapata nafasi. Amua sasa, ukiwa kwenu na umeshiba, ni nani ambaye hutamwelekezea mtutu hata ukiamriwa. Na ukikataa, kataa kwa heshima, bila matusi, ukijua kwamba utaumia. Mimi niliumia, sitakudanganya.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa baba zetu akutangulie kazini na akurudishe nyumbani mikono yako ikiwa safi, na watoto wako wakupokee mlangoni bila kukuogopa.