Makufuli Manne ya Laini ya Munigi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koleo wala kofia. Nilipewa kufuli. Chef wetu, yaani mkuu wa kikosi, Muzee Cirhuza, mzaliwa wa upande wa Bukavu na mtu mchoyo wa maneno, aliniwekea mkononi kufuli jekundu, ufunguo mmoja, na msumari wa kuchorea jina langu. Nikachora Anselme. Herufi ya mwisho ikakosa nafasi.

"Ufunguo wa pili uko wapi, muzee?"

"Hakuna. Ukienda nayo, tutakungoya."

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, leo haipo tena. Ilikuwa na mtambo mmoja wa kuzalisha umeme kwa maji huko milimani, na laini moja ya kuuleta Goma. Kabla hatujagusa waya, swichi kubwa ya mtamboni ilizimwa, kisha kila fundi akatundika kufuli lake pale. Umeme haukurudi mpaka kila mmoja wetu arudi na kufungua la kwake kwa mkono wake. Vijana mnacheka, mna simu na redio. Simu inaweza kujibiwa na mtu mwingine.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa mawe. "Jiwe ya huku ni mwongo," alisema. Jiwe la volkano likikauka halipitishi umeme sawasawa. Waya uliokatika unaweza kulala juu yake na kipimo kikasema laini ni safi. Ukiwasha, swichi haishtuki ikajizima, na waya unabaki hai pale chini. Mdogo wake muzee, fundi kama sisi, alifia kwenye waya wa namna hiyo. Ndiyo maana kikosi chetu kilikuwa na desturi: laini iliyolala muda mrefu hutembewa nguzo kwa nguzo, hata kipimo kiseme nini.

Muzee alistaafu, nikarithi kiti chake na ukaidi wake. Kisha vita vikapita kwenye laini yetu, na kwa wiki tano Goma haikupata hata cheche kutoka kwetu. Mapigano yalipotulia tulisimamisha nguzo tulizozijua zimeanguka, tukapima. Kipimo kikasema safi. Mkurugenzi akaja mwenyewe mtamboni, ndevu hazijanyolewa, akanikuta nimeshika kufuli.

"Papa Anselme, courant inarudi leo."

"Itarudi tukimaliza kutembea laini. Siku tatu."

"Siku tatu? Vinu vimesimama. Fabrike ya sabuni imefukuza batu. Hôpital iko nachoma mazoutu ya mwisho kwa jenereta. Na pompe za mayi zimekufa, batu banakunywa mayi ya ziwa, kipindupindu imeingia Keshero. Weye unaniletea hadisi ya mawe?"

Sikumchukia. Kila alichosema kilikuwa kweli. Hata rafiki yangu Deo, mwendesha pampu za maji pale mtaani kwetu Keshero na jirani yangu ukuta kwa ukuta, alikuwa amenipigia asubuhi ileile: pampu ziko tayari, kinachokosekana ni umeme tu.

"Nitaleta msumeno," akasema mkurugenzi.

"Leta. Ukishakata yangu, andika jina yako kwa kitabu ya zamu."

Aliitazama ile swichi, akatoka. Tulitundika makufuli manne, tukavaa funguo shingoni, tukaanza kushuka mimi na mafundi watatu.

Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili, tawi moja juu ya waya. Mafundi walianza kunitazama kwa pembe ya jicho, na mimi mwenyewe nilianza kuona aibu. Jioni ile Deo akapiga tena. Mke wake, Mama Riziki, alikuwa anatapika tangu mchana na amepelekwa kwenye mahema ya wagonjwa. Hakuniomba chochote. Aliniambia tu, akakata simu. Nilishika ufunguo shingoni, nikafikiri kurudi. Sikurudi.

Siku ya tatu, kabla ya kuingia Munigi, nje kidogo ya Goma, kishikio kimoja cha waya kilikuwa kimevunjika na waya umeshuka hadi usawa wa kifua changu, sehemu nyingine umelala juu ya mawe meusi makavu. Karibu yake palikuwa na kibanda cha turubai. Na juu ya waya wetu, mtu alikuwa ameanika nguo za watoto. Magauni mawili, kaptura, sweta la shule. Zilikuwa bado zinadondosha maji. Tuliita, hakuna aliyeitika. Nilizianua moja moja, nikazikunja juu ya jiwe, tukaunyanyua waya.

Tulimalizia laini, gari likaturudisha mtamboni, na jioni tukafungua makufuli. Deo aliwasha pampu kwa mkono wake mwenyewe. Mama Riziki alikuwa amekufa alfajiri ya siku hiyo.

Sasa nimestaafu, na Deo pia. Mnaniuliza kazi hii inataka nini, mimi nawaambia inataka miguu. Siwaambii kwamba inakupa usingizi. Aliyekufa kwa sababu nilichelewa ninamjua jina, nilikula ugali wake. Aliyepona simjui, na yeye hajui kwamba alipona. Hakuna daktari anayeweza kuniambia kama maji ya siku ile ya kwanza yangemwahi Mama Riziki, nami nimeacha kuwauliza.

Kwa miaka mingi Deo hakusema neno juu ya siku zile. Tulisalimiana, tulizikiana, tuliazimana panga. Mwezi uliopita alikuja kukaa nyumbani kwangu, akaliona lile kufuli jekundu dirishani, akaliokota na kulisoma.

"Anselme, kule Munigi, ulikuta mutu kwa waya?"

Ningeweza kumdanganya. Angenishukuru.

"Hapana, Deo. Nilikuta nguo."

"Nguo tu?"

"Nguo ya batoto. Zilikuwa mbichi."

Akalirudisha lile kufuli dirishani taratibu, mahali pake palepale.