Honi Iliyotaka Kunijibia Posa

Nimeaibika mara nyingi, na nyingi nilistahili, lakini hii ya honi jamaa zangu wameigeuza kitoweo, kila karamu inapikwa upya na kila mtu anatia viungo vyake, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe niliyekuwa nyuma ya usukani, na asiyeniamini akamuulize shemeji yangu Bi Saumu wa Al Rigga, ambaye hadi leo akiniona husema, "Piiii!"

Yalikuwa majira ya baridi (ndugu zangu wa Tanga hucheka nikisema Dubai kuna baridi, waje waoge maji ya tangi alfajiri ya Januari, ndipo wacheke). Mimi na binti yangu Rehema tulikuwa tukikaa Al Warqa, vyumba vya uani kwenye jumba la madam niliyekuwa dereva wake. Mama yake Rehema alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na tangu hapo ni kama vitu vya nyumba vilipeana zamu ya kufa: ikafa hita ya maji, likafa jiko, dari ikaanza kuvuja juu ya kitanda changu, na gari langu mwenyewe, kuukuu lakini la jasho langu, likawa linagoma kuwaka kila asubuhi yenye unyevu. Bampa ilikuwa imelegea, nikaifunga kwa vipande vya shuka jeupe, lile lililoharibiwa na dari. Honi nayo, ikiguswa siku ya mvua, ilikuwa na tabia ya kukwama.

Nilikuwa mnyonge, sikatai. Na katikati ya unyonge huo, Rehema akaletewa posa.

Kijana anaitwa Salim, mpokea wageni kwenye hoteli. Niliulizia habari zake kila mahali nikitafuta doa, nikalikosa, nikazidi kukasirika. Wazee wake walipanga kuja kuchukua jibu Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwa Bi Saumu, maana nani anapokea wakwe chini ya dari inayodondoka? Huku ugenini sina kaka wa kunisemea, jibu lilikuwa langu. Na jibu nililolificha moyoni lilikuwa "subirini", ile hapana yetu ya kistaarabu. Si kwa ajili ya Salim. Kwa ajili yangu, kwamba Rehema akiondoka nitabaki mimi na dari.

Asubuhi ile, kabla hajatangulia kwa shangazi—samahani, kwa mama yake mdogo—kupika, Rehema aliniambia, "Baba, utakalosema nitalikubali. Ila liseme wewe mwenyewe, nilisikie."

Mchana gari likagoma. Okello, askari Mganda wa duka la jirani, akanisukumia hadi likawaka, akasimama akishika kiuno.

"Mzee wangu, hii gari leo itakuaibisha. Panda teksi."

"Gari langu haliaibishi mtu."

"Basi honi usiguse. Mimi nimekuambia, eh!"

Nikafika Al Rigga mapema, mvua ya rasharasha, mwili umepoa, na ile "subirini" imenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Nikasema nipate chai kwanza. Sasa, huku chai huifuati: unasimama nje ya mkahawa, unapiga honi moja, mhudumu anakuletea kikombe dirishani. Ningeweza kushuka, hatua chache tu. Lakini kanzu yangu ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi na Rehema mwenyewe, nikaona nisiiloweshe. Nikapiga honi.

Piiiiii. Ikaendelea.

Mhudumu akaja mbio na chai. Mimi napiga usukani ngumi, honi inalia, naye akadhani nimeona chai moja ni dharau, akarudi ndani akaja na nyingine, kisha sinia zima, akipiga kelele dirishani, "Haji, kam? Kam?" akitaka kujua nataka ngapi. "Si chai! Honi!" Nikazima gari, lakini honi haiutii ufunguo. Kikombe kimoja kikanimwagikia kifuani. Nikafungua boneti, mafuta yakachafua mikono ya kanzu, nikachomoa waya wa betri, kimya. Nikaurudisha: piiiii! Na Alasiri ilikuwa imekwisha, na teksi zote zinapita zimejaa.

Ningeweza kwenda kwa miguu, najua, nimeshaulizwa hilo na kila mtu. Lakini niliache gari langu mbele ya watu wanaolicheka? Nikaingia garini, kwa bahati likawaka. "Yalla," nililiambia, "kama ni kulia, lia tukienda."

Basi fikirini: mzee wa kanzu na kofia, vitambaa vyeupe vinapepea kwenye bampa, honi haikatiki. Dereva wa teksi akanipungia, "Mabruki!" akaanza kupiga yake. Wa nyuma yake naye akapiga. Nilipokata kona ya kwa Bi Saumu nilikuwa naongoza msafara wa harusi nisioujua. Watu wakajaa kwenye roshani. Bi Saumu, huko juu, akapasua kigelegele, wanawake wa jengo zima wakampokea, na Mzee Hamadi, mjomba wa Salim, akashuka ngazi mikono imefunguka.

"Mashallah, shehe! Sisi tumekuja kuomba mke, wewe umekuja na harusi kabisa!"

Akanikumbatia hivyo hivyo, na mafuta na chai yangu. Na hapo honi, baada ya kuharibu kila kitu, ikakata roho.

Wote wananitazama. Rehema alikuwa mlangoni, unga mikononi, peke yake asiyecheka. Akanisogelea.

"Baba, hiyo ni honi mbovu, naijua. Jibu lako bado sijalisikia."

Alinifungulia mlango wa kujitoa, mwanangu. Ningeweza kuupitia, nikasema ni ubovu tu, jamani, subirini. Nikatazama ule unga, nikakumbuka nani amekuwa akihamisha ndoo chini ya dari yangu usiku nikijifanya nimelala.

"Honi ni mbovu," nikawaambia. "Msiisikilize. Nisikilizeni mimi: nimekubali."

Hadi leo wanasema honi ndiyo iliyonibana. Nakataa. Honi ilinyamaza kwanza, ndipo nikasema. Kosa langu ni lile la kabla yake, kutaka kumfanya mtoto awe dari yangu, na hilo nimelibeba.

Dari nimeiziba mwenyewe. Chai sasa nashuka, naingia mkahawani, nakaa kwenye kiti, hata mvua inyeshe mawe. Salim aliwahi kunishauri, kwa adabu, niliuze lile gari. Nikamwambia, "Mwanangu, binti nimekupa. Gari, khalas, usiliguse."