Wifi Yangu Aliyepima Sufuria

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hakuna mtu aliyewahi kuibiwa mkoba akacheka, isipokuwa wifi yangu mdogo. Alicheka kwa sababu mkobani hamkuwa na hela wala simu. Mlikuwa na mizani ya jikoni, vijiko vya kupimia na ndizi moja iliyokwisha kupimwa. Alisema angalau mwizi wake atalala akijua uzito wa ndizi. Tangu hapo wanangu humwita Shangazi Mizani, naye huitika kama kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi.

Ni mtafiti wa afya. Huchunguza uhusiano kati ya kinachoingia tumboni na kinachokaa moyoni: lishe kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ile huzuni nzito ambayo wataalamu huiita sonona. Kwa ndugu wa mume wangu mimi husema tu kwamba ni daktari, nikaishia hapo. Mjomba wao mmoja aliwahi kuuliza iweje mtu apewe shahada ya uzamivu kwa kuwauliza watu walikula nini jana, ilhali majirani wanaifanya kazi hiyo kila siku bila mshahara.

Yeye mwenyewe anakula vibaya. Simsengenyi, nimeshamwambia usoni. Ofisi yake iko mwisho wa korido ya hospitali, kati ya stoo ya magongo na chumba cha kufulia. Ukutani ametundika bango kubwa la makundi ya vyakula, na chini ya bango hilo kuna droo iliyojaa biskuti. Mganga hajigangi, lakini huyu hata kujaribu hajaribu. Hajaolewa, na shangazi zake husema mwanamume gani atakubali kupimiwa tonge. Hapo huwa namtetea, maana anayemcheka yeye analicheka jina ambalo na mimi nimelibeba tangu harusi yangu, na mwenye nalo sasa hayupo kulitetea.

Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa likitokea mkiani mwa makala za wenzake, kama jina la mpiga chapa. Hatimaye akapata makala yake mwenyewe, jina lake likiwa la kwanza. Yeye na wasaidizi wake walikwenda nyumbani kwa kina mama wanaohudhuria kliniki ya afya ya akili, wakawauliza walikula nini jana yake na mioyo yao ina hali gani. Majibu yalimshangaza. Mama wa nyumba yenye chakula kizuri alikuwa na huzuni sawasawa na mama wa jiko lisilo kitu. Akaandika kwamba, kwa kina mama hao, hakuona dalili kwamba chakula kinapunguza wala kuongeza huzuni. Jarida la nje likaichapisha. Mimi niliutia ukurasa wa kwanza kwenye fremu nikautundika sebuleni. Alinung'unika kwamba fremu imekata grafu, nikamwambia wageni wangu hawaji kutazama grafu.

Nadhani aliyeisoma makala yote mpaka mwisho ni mtu mmoja tu, katibu wa hospitali, na ndiye ambaye hakupaswa kuisoma. Pale kliniki kina mama hao hupewa uji na yai saa za mchana. Kwa baadhi yao hicho ndicho chakula cha siku. Katibu akapeleka hoja kwenye kamati ya hospitali, ambayo mimi ni mjumbe wake tangu nilipostaafu ualimu mkuu: uji ufutwe, kwa kuwa mtafiti wetu wenyewe amethibitisha kwamba chakula hakimsaidii mgonjwa wa huzuni.

Wifi yangu aliposikia alikuja kwangu amekunja uso. Moyo wake ulikuwa unamwambia kwamba uji unasaidia, ila hakuwa na pa kusimamia. Alisema angewezaje kupingana na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Nikamwambia ndiyo hasara ya kuandika.

Jumapili kabla ya kikao alikula kwangu. Wanangu walikuwepo, mkwe wangu pia, na wajukuu. Nilipika kuku, nikagawa kama ninavyogawa siku zote: mapaja kwa wajukuu, kidari kwa mkwe, na vilivyobaki kwa waliobaki. Tulipomaliza, wifi, ambaye hajui kupumzika, akasema anataka kuniuliza yale maswali yake, asikie yanavyojibiwa na mtu aliyesoma. Nikakaa vizuri. Nikajibu kwamba nimekula wali, kuku, mboga za majani na papai.

Hakuandika. Alikuwa anaitazama sahani yangu, ambayo ilikuwa bado iko mbele yangu.

"Wifi, kuku yuko wapi?"

"Si huyo hapo unamwona."

"Hiyo ni shingo."

"Kwani shingo ya nani, ya bata?"

Watoto wakacheka. Akaendelea kuuliza kuhusu papai, nikamwambia lilikuwa tamu sana, awaulize waliokula. Mwenyewe hakucheka. Ikabidi nimfundishe mambo ambayo chuo hakikumfundisha. Mtu akija kwako na kalamu akakuuliza umekula nini, haulizii koo lako, anaulizia nyumba yako. Mama gani atasema kwamba kuku alikuwepo ila yeye kapata shingo? Atakuwa amemwaibisha mume, watoto na waliomlea. Tena sikusema uongo: vyote nilivyovitaja vilipikwa na mkono huu, siku hiyo, katika nyumba hii.

Akaweka kalamu chini taratibu. "Basi na wao wote walinijibu hivyo."

Hata wajukuu wakaacha kugombania mbegu za papai. Aliendelea kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Alikuwa amepima masufuria. Sahani hakuna aliyeitazama. Huenda mama wa sufuria iliyojaa na mama wa sufuria tupu walikuwa wamekula kitu kilekile, yaani mchuzi na kilichogandia chini, na ndiyo maana huzuni yao ililingana.

Nilimwita jikoni, tukafunga mlango. Nilimweleza kwamba kosa la kitaalamu hurekebishwa kitaalamu, polepole, bila tarumbeta. Kwenye kikao aseme tu kwamba utafiti bado unaendelea. Neno "marekebisho" lipo kwenye kamusi na halijamuumiza mtu. Akisimama mbele ya katibu akakiri kosa, kesho atakuwa gumzo la korido nzima, na jina hilo si lake peke yake, ni la kaka yake.

Alikuwa anaosha sahani, moja baada ya nyingine, akiisugua kila moja kuliko ilivyohitaji. "Kaka angesema nini, wifi, kina mama wakinyimwa uji ili jina lake likae vizuri?"

Nilimjibu kwa haki kwamba kaka yake hakuwahi kukiri kosa maisha yake yote. Hata tulipopotea njia alisema njia imehamishwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti la soda. Lakini hakubadili nia, na mimi nikalala nikiwa na hasira naye.

Siku ya kikao aliingia na viatu vilivyopigwa rangi, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu harusi yangu. Katibu aligawa nakala, akasoma hitimisho kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Kisha akampa wifi yangu nafasi. Nilimtazama ili akumbuke kamusi.

"Nimekosea," alisema. "Nilipima sufuria, sikupima sahani. Karatasi hii haiwezi kutumika kufuta uji. Nimeshaliandikia jarida."

Mfamasia akacheka chinichini, akauliza kama kweli utafiti mzima ulipita bila mtu kutazama sahani. Wifi akakubali kwamba ulipita. Katibu, ambaye si mjinga, akauliza tutajuaje kwamba hakosei na sasa. Akajibu kwamba hatujui, na ndiyo maana anataka kurudi kwenye nyumba zilezile, akae na kina mama mpaka wamalize kula. Katibu akasema hiyo ni dhana tu. Je, kuna ushahidi wowote kwamba mama mwenye chakula nyumbani anaweza kusema amekula kitu ambacho hakukila?

Wifi yangu alikuwa nao, na sote wawili tulijua uko wapi. Akatazama chini, akafunga mdomo. Angeweza kunitaja, lakini alikuwa tayari aonekane mpumbavu mbele ya wote kuliko kuianika meza yangu.

Nikanyoosha mkono. Katika kamati ile watu hunyamaza ninaponyoosha mkono, mazoea ya shule.

"Jumapili, nyumbani kwangu, nilimwambia huyu kwamba nimekula kuku," nilisema. "Nilikula shingo."

Muuguzi mkuu alikohoa, akasema kwake yeye huwa ni ncha ya bawa. Mhasibu wetu, mama wa makamo anayevaa vizuri kuliko sote, akasema bora bawa, yeye samaki wake humjua kwa harufu. Mfamasia alikuwa ameacha kucheka; nadhani alikuwa anaikumbuka meza ya kwao. Katibu akakusanya nakala zake, akasema hoja isubiri mpaka utafiti urudiwe, na uji uendelee.

Tulitoka kupitia ua wa kliniki. Kina mama walikuwa kwenye mabenchi, kila mmoja na kikombe chake. Nilimwambia wifi kwamba ameliokoa jina kwa kulichafua, ufundi ambao sijauona kwingine. Akasema mwenzake alimsaidia kulichafua. Mpishi alitufuata na vikombe viwili. Chake akakipokea, changu nikakikataa kwa adabu, nikasema nitakula nyumbani.

Wifi alisimama tu, akanitazama kwa yale macho yake ya kazini.

Nikanywa chote, nimesimama, mbele ya watu. Kilipungukiwa sukari, nikamwambia hivyo. Akasema sukari haimo kwenye utafiti wake.