Nyimbo Nane Zisizotaja Mtu

Mjomba Lyamba alipiga kodiani miaka ishirini na mbili kabla hajaingia studio. Kodiani ni kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, unakivaa kifuani kama mtoto. Chake alikipata kwa katekista mmoja mzee, akatoa dume la ng'ombe. Dume hilo lilikuwa la Mzee Ngolo, jirani yetu hapa Usevya, ambaye alimpa tu, akasema, "Kapige, tusikie."

Kwetu wimbo wa mjomba ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza watu wanacheza. Shadrack, mpigaji mwenzake, anakwaruza kipande cha bati la mgongo kwa kijiko, kodiani inakimbia, vumbi linapanda. Halafu inapoa, bati linanyamaza, na mjomba anaanza kutaja. Nani amekuja, ametoka kwa nani, nani amezikwa mwaka huu. Ukitajwa unainuka, unacheza hatua mbili tatu, unamtuza. Mwisho kabisa anajitaja mwenyewe: Lyamba wa Usevya. Kuna wazee ambao hawakuwa na habari na kucheza. Walikuja kusubiri kutajwa, basi.

Mzee Ngolo alifariki masika ya mwaka jana. Siku ya mazishi mjomba alimwambia mjane wake, Mama Kabula, mbele ya watu, "Mama, natengeneza albamu. Jina la mzee ndilo litakuwa la kwanza. Watalisikia mpaka Mpanda."

Mama Kabula akasema, "Sawa, baba. Na wewe ndiye utakayetupigia siku ya kumaliza msiba."

Siku hiyo ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga. Kwetu sisi anayepiga siku ya kumaliza msiba siyo wa kukodi. Ni mtu ambaye familia imemfanya mdomo wao. Mjomba alitembea na neno lile la Mama Kabula wiki nzima. Hata akiwa jarubani, kwenye mpunga wake, analisema peke yake.

Studio ilikuwa Makanyagio, Mpanda mjini, chumba nyuma ya fundi simu, kuta zimebandikwa trei za mayai. Prodyuza alikuwa kijana anaitwa Salvator. Alisikiliza wimbo wa kwanza akiwa ameshika kidevu.

"Mzee baba, dakika kumi na moja? Huu ni muziki au misa?"

Mjomba akacheka. "Bado hatujafika kwenye majina ya watu wa Kibaoni."

"Ndiyo nakwambia. Unawasha moto vizuri, halafu unaumwagia maji. Hapa kwenye majina kila mtu anarudi kukaa. Kata yote. Acha bati na kinanda, dakika nne, biti mwanzo mwisho. Hii kitu itagonga mjini, nakuapia."

"Hao wanaotajwa ndio wenye wimbo," mjomba akasema.

"Wenye wimbo ni wanaocheza. Dereva wa boda wa hapa anamjua Ngolo?"

Shadrack, ambaye alikuwa ameshapenda jinsi bati lake linavyosikika kwenye spika, akajibu haraka, "Hamjui."

"Basi."

Mke wa mjomba, mama Theopista, ndiye aliyekuwa anatuongoza sisi waitikiaji. Akauliza, "Nyie, na Mama Kabula mtamwambia nini?"

"Nitamtaja mzee siku ya msiba wake," mjomba akasema. "Kwa mdomo, mbele yake. Si kwa mashine."

Tukaimba nyimbo nane za kucheza, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake.

Salvator hakusema uongo. Mwezi haukuisha, bajaji za Mpanda zote zilikuwa zinazipiga. Kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye memori walikuwa wanazipangia foleni. Tulienda sokoni tukakuta kinamama wa mihogo wanakata viuno, visu mkononi. Mjomba alisimama, uso umemjaa furaha. Akamsogelea kijana wa kibanda.

"Huu wimbo wa nani?"

"Sijui mzee wangu. Tunauita Wa Bati. Warundi hao, nadhani."

"Ni wa Usevya."

"Usevya wana muziki huu? Acha hizo."

"Ni mimi niliyepiga."

Yule kijana akamwangalia kandambili zake. "Haya. Na mimi ndiye mbunge."

Wakacheka wote, bila ubaya, wakaendelea kucheza. Mama Theopista akasema tukiwa njiani, "Jina lako si lilikuwa la mwisho? Umelikata pamoja na ya wenzako."

Tuliporudi Usevya nyimbo zilikuwa zimeshatutangulia. Kesho yake mjomba akaenda kwa Mama Kabula, na sisi nyuma. Tulipewa viti, tukapewa ugali na maziwa mgando, na Mama Kabula akangoja tumalize kunawa.

"Baba, nimesikiliza zote nane kwenye simu ya mjukuu," akasema. "Watoto wamecheza sana. Mimi nilikuwa nasubiri. Zikaisha, nikamwambia arudie, labda nimesinzia."

"Mama, nitamtaja siku yenyewe. Hapa hapa, kila mtu akisikia."

"Hapa nani hamjui? Hapa kaburi lake tunaliona. Wewe ulisema utamfikisha Mpanda."

Mjomba akalisogeza pembeni bakuli la kunawia.

"Dume lake limefika Mpanda," Mama Kabula akasema. "Lipo humo kwenye kinanda, linalia mjini kote. Mwenyewe umemwacha njiani." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Siku ya kumaliza msiba alipiga Optatus wa kijiji cha Mamba, ambaye sauti yake inakwaruza kuliko bati la Shadrack. Sisi tulialikwa kama wengine, tukakaa kwenye benchi chini ya turubai, saa saba mchana, mjomba amevaa shati lake la studio. Optatus akamtaja Ngolo. Akamtaja baba yake Ngolo, akataja ng'ombe wake kwa rangi, na watoto, na wakwe, na waliochimba kaburi. Watu walilia, watu walicheza. Akaanza kupita benchi kwa benchi. Alipofika kwetu ngoma ikapungua, Optatus akamtazama Mama Kabula kidogo, halafu akaimba, "Na mgeni wetu wa kutoka Mpanda, mwenye muziki wa mjini, ahsante kwa kufika."

Watu wakampigia makofi, yale makofi ya mgeni.

Ukitajwa unainuka. Mjomba aliinuka. Alicheza hatua mbili, akatia mkono mfukoni, akamtuza Optatus, akarudi kukaa karibu na mama Theopista, ambaye alikuwa anaangalia pembeni.

Kabla wengine hawajapakuliwa, Mama Kabula akawaita wasichana wa jikoni. "Mpeni mgeni nyama yake mapema," akawaambia. "Ana safari."

Kutoka pale tulipokaa nyumba yetu ilikuwa inaonekana, ng'ambo ya majaruba, na kuku wetu mlangoni.