Siku Gitaa Lilipokubali

Habari ilinikuta ndani ya basi nikitokea Kondoa: jirani yangu mpiga gitaa, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Dodoma, amefariki. Nilidhani ni bodaboda, maana ndivyo tunavyoondoka siku hizi. Nikaambiwa hapana, amefia chumbani kwake, gitaa likiwa mikononi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu, kwani niliwahi kumtania hapa kwamba anarekodi kelele. Zamani alipigia bendi ya dansi. Uzeeni akajifungia na kompyuta, godoro likiwa limeziba dirisha, akiitafuta sauti moja tu. Alikuwa akilisogeza gitaa karibu na spika, sauti ikazirudia nyuzi, nyuzi zikatetemeka na kulia zenyewe bila kuguswa, mpaka azilaze kwa kiganja. Mlio huo mtaani tuliuita mluzi, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Bibi mmoja wa Kigogo, jirani yetu, alimfuata mlangoni kumkanya, kwa kuwa mluzi wa ndani ya nyumba huita kitu. "Mwanangu, unachokiita kitakuja," alimwambia. Yeye akamwitikia kwa adabu zote, kisha akaendelea. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kilichostahili kuogopwa hakikupiga mluzi. Amplifaya yake ilikuwa ya mtumba, waya wa kupeleka umeme ardhini umekatwa, na aliwahi kunieleza kwamba midomo ikigusa maiki huku ameshika nyuzi, inamuuma. "Inapiga shoti kidogo tu," alisema. "Nikivaa ndala inatulia." Nikaafiki, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu friji yangu nayo ni hivyo hivyo. Mji huu umejengwa mbio mbio, kuta zinasimama na wapangaji wanaingia kabla rangi haijakauka, na ukipita nyumba zetu utakuta ndala zimewekwa mbele ya friji, nyingine kando ya pasi. Mgeni anaelekezwa azivae kama anavyoelekezwa choo kilipo. Fundi tunasema tutamwita.

Siku hiyo sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na ndala zake zilikuwa nje zikikauka. Mkewe alikuwa uani akichagua mchele. Kwa miezi mingi alikuwa amemsikia mumewe akinung'unika kwamba katika kichumba kile mluzi unakufa mapema, gitaa limekataa. Alasiri ile ukaanza, ukapanda, ukakaa hapo hapo. Alitusimulia msibani, macho makavu, na mpaka leo sauti yake inanitisha kuliko kilio.

"Niliposikia haukatiki, nikasema leo limekubali. Nikazima redio nisimharibie."

Mluzi ule haukuwa na kitu cha kuukatisha ila kiganja chake, na mwenyewe umeme ulikuwa umeshamchukua. Mama wa watu alikaa akiusikiliza, akimfurahia mumewe, mpaka mchele ukaisha.

Nimeumia, na nimekasirika, wala sijui nimkasirikie nani. Bibi yule alikuwa na hofu, ila aliielekeza kwenye sauti. Sisi tuliosoma tukamcheka, hofu hatukuwa nayo kabisa. Kinachotuuma kidogo kidogo kila siku tumekipa nafasi ndani ya nyumba, tumekinunulia na viatu.

Nilirudi kutoka makaburini nikiwa na kiu, nikaenda moja kwa moja kwenye friji. Mkono ulikuwa tayari kwenye kishikio nilipotazama chini. Nilikuwa nimeshavaa ndala.